MTAMBO WA BURE UNA MWENYEWE

Maneno yanapita matawini. Inasemwa kwamba gazeti hili linadaiwa na mpiga chapa, na ni kweli linadaiwa. Inasemwa pia kwamba amepatikana tajiri mmoja, mpenda nchi, aliye tayari kulilipa deni lote kwa siku moja, na juu ya hapo atununulie mtambo wetu wenyewe wa kupigia chapa. Hataki riba, hataki hisa, hataki hata jina lake litajwe. Anataka kusaidia tu. Katika mikutano miwili ya wilaya watu walipiga makofi waliposikia habari hii, na mzee mmoja alisimama akamwombea dua tajiri huyo.

Sisi waenezi, tunaozunguka na mabunda ya gazeti hili juu ya bodaboda na chini ya viti vya mabasi, tumeulizwa tunasemaje. Twasema HAPANA. Na kwa kuwa hapana isiyo na sababu ni ukaidi wa mtoto, twaandika sababu zetu papa hapa, katika gazeti lenyewe linalozungumzwa, kabla ya mkutano mkuu kukaa. Mwenye maoni mengine naye aandike. Nafasi ipo, na mhariri ameahidi kwamba hatamkata mtu neno.

Hatumsemi tajiri kwa ubaya. Huenda ni mtu mwema kweli. Moyo wa mtu ni msitu, na sisi hatuna haja ya kuingia humo na panga. Tunachouliza ni biashara zake. Mtu mwenye malori, mwenye zabuni za barabara, mwenye shamba linalogombewa na wanakijiji, akiwa ndiye aliyenunua mtambo, je, gazeti litaandika nini siku wanakijiji hao watakapokwenda mahakamani? Wenzetu wanajibu upesi: "Litaandika kweli, maana mhariri ni wetu." Haya. Tuichukue hoja hiyo tuipime kama tulivyofundishwa chuo cha ualimu, yaani kwa mifano, tena mifano ya mambo yaliyokwisha kutokea, si ya kubuni.

Wazee wetu wanaikumbuka kampuni ya Lonrho. Ilianza mwaka 1909 kwa migodi na ardhi ya Rhodesia, na ilipofika mikononi mwa Bwana Tiny Rowland ikaenea Afrika nzima: madini, mashamba, viwanda, magari. Mwaka 1967 ikanunua magazeti ya Standard ya Afrika ya Mashariki, lile la Nairobi na lile la Dar es Salaam. Waulize wenye biashara, kampuni ya migodi inataka nini na gazeti? Faida ya gazeti ni ndogo kuliko faida ya mgodi mmoja. Lakini Waziri ambaye hatapokea simu ya mwenye mgodi, ataipokea simu ya mwenye gazeti. Hiyo ndiyo faida yake, na haiandikwi katika hesabu za mwaka.

Mwezi Julai 1982 mhariri mkuu wa Standard ya Nairobi, Bwana George Githii, aliandika tahariri ya kulaumu kuwekwa watu kizuizini bila kuhukumiwa. Hakumtukana mtu. Alisema jambo ambalo kila mwanasheria alikuwa akilijua. Akafukuzwa kazi mara moja. Serikali ya Kenya haikuwa na haja ya kutuma askari katika chumba cha habari. Mwenye gazeti aliifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa sababu mwenye gazeti alikuwa na mali nyingi Kenya kuliko gazeti.

Basi mtu atasema, hayo ni ya Afrika. Ulaya, penye demokrasia kongwe, mwenye mali haingilii. La hasha. Lonrho hiyo hiyo ilikuwa imenunua gazeti la Observer la London mwaka 1981. Mwezi Aprili 1984 mhariri wa gazeti hilo, Bwana Donald Trelford, alikwenda Zimbabwe kuzungumza na Bwana Mugabe. Alipofika akaonana na watu wa Matabeleland, akasikia kwa masikio yake jinsi askari wa Brigedi ya Tano walivyokuwa wakiua na kutesa raia. Akarudi akaandika. Waliouawa walikuwa Waafrika, nao wauaji walikuwa askari wa serikali ya Kiafrika iliyopata uhuru miaka minne tu kabla. Je, mwenye gazeti alifanya nini? Lonrho ilikuwa na migodi na mashamba Zimbabwe. Rowland akamwandikia Mugabe kumwomba radhi, akamlaumu mhariri wake mwenyewe mbele ya dunia nzima, akatishia kuliuza gazeti. Mhariri alishikilia neno lake, waandishi wenzake wakasimama naye, na hatimaye mambo yakasuluhishwa. Lakini fikirini: mjane wa Matabeleland aliyezikwa mumewe kwenye shimo la pamoja alikuwa na njia moja ya kusikika London, na njia hiyo ilikuwa mali ya mtu aliyekuwa akifanya biashara na serikali ya wale waliomuua mumewe.

Wala hayakuishia hapo. Rowland alikuwa na ugomvi wake na ndugu wawili wa ukoo wa Fayed, waliomshinda katika kununua kampuni ya duka kubwa la Harrods. Tarehe 30 Machi 1989 gazeti la Observer, ambalo ni la Jumapili, likatolewa siku ya Alhamisi! Toleo maalumu, kwa ajili ya kutangaza ripoti ya siri ya wakaguzi wa serikali juu ya mahasimu wa mwenye gazeti. Mahakama ikalizuia saa chache baadaye. Kwa mauaji ya Matabeleland, radhi. Kwa ugomvi wa duka, toleo maalumu la katikati ya wiki.

Hapo ndugu zetu wa upande wa pili wanainuka na kusema, mnaona! Dawa ni serikali ichukue magazeti yote. Nasi twawaambia, dawa hiyo ilikwisha kunywewa, na chupa yake ingalipo. Tarehe 5 Februari 1970 Serikali ya Tanzania ililitaifisha gazeti la Standard la Dar es Salaam kutoka kwa Lonrho. Wengi walishangilia, na sisi kama tungalikuwa hai tungalishangilia. Mwalimu Nyerere aliliandikia gazeti hilo hati ya kulipa uhuru wa kukosoa, hata kuikosoa serikali yenyewe inayolimiliki. Mhariri akawa Bibi Frene Ginwala, mpigania uhuru kutoka Afrika Kusini, yule ambaye mwaka 1994 alikuja kuwa Spika wa Bunge la nchi yake. Mwanzo mzuri kuliko huo ungetoka wapi? Lakini mwaka 1971 Nimeiry wa Sudan, baada ya jaribio la kumpindua, aliwanyonga viongozi wa wakomunisti. Tahariri ya Standard ikalaani. Sudan ilikuwa nchi rafiki. Bibi Ginwala akaondolewa. Mwaka 1972 gazeti hilo likaunganishwa na Nationalist, gazeti la TANU, likawa Daily News, nalo ni la serikali hata leo.

Hati ilikuwa nzuri, mhariri alikuwa hodari, mwenye gazeti alikuwa kiongozi anayeheshimiwa kuliko wote katika bara hili. Na bado siku neno lilipomgusa rafiki wa mwenye gazeti, mhariri ndiye aliyekwenda nyumbani. Twawaomba wale wanaosema "mhariri ni wetu" wasome mstari huo mara mbili.

Sasa tufike mahali ambapo jambo letu lenyewe lilikwisha kutokea, karibu neno kwa neno. Mwaka 1983 chama cha KANU cha Kenya kilinunua gazeti la Nairobi Times kutoka kwa mwandishi Hilary Ng'weno, kikaliita Kenya Times. Chama kikawa na gazeti. Lakini gazeti ni mlaji mkubwa, lataka karatasi, wino, mishahara, magari. Ilipofika 1988 akatokea mfadhili: Bwana Robert Maxwell wa Uingereza, mwenye Daily Mirror, mtu mnene wa mwili na wa mfuko. Akaingia ubia na chama, mitambo ikaja, na mwaka 1990 televisheni ya KTN nayo ikaanza chini ya ubia huo. Bila shaka kulikuwa na makofi matawini. Bila shaka alikuwako mzee aliyeomba dua.

Mwaka 1989 ikajulikana ubia huo unataka nini zaidi. Ulitaka kujenga mnara wa orofa 60 wa chama na gazeti lake, pamoja na sanamu ya Rais na maegesho ya magari, ndani ya Uhuru Park ya Nairobi! Uwanja ambao mfanyakazi asiye na bustani humpeleka mtoto wake Jumapili akanyage majani. Fedha zilikuwa za mkopo kutoka nje, kwa dhamana ya serikali, maana yake kwa dhamana ya yule yule mfanyakazi. Profesa Wangari Maathai akaandika barua kupinga. Aliwaandikia wenye Kenya Times, akawaandikia wakubwa wa serikali, akawaandikia wageni wenye fedha. Bungeni wakamtukana na kumcheka kwa kuwa ni mwanamke aliyeachwa na mumewe. Shirika lake likatolewa katika ofisi ya serikali. Je, gazeti la chama lingeandika habari ya mnara huo kwa haki? Lingeandikaje, nalo lilikuwa limekwisha kutengewa orofa zake humo!

Mama yule alishinda. Wenye kukopesha waliona aibu wakarudi nyuma, na mwaka 1992 uzio ukang'olewa. Mwezi Novemba 1991 Maxwell alikuwa amekwisha kufa, alianguka kutoka katika jahazi lake la anasa karibu na visiwa vya Canary, na alipokufa ikafunuliwa kwamba alikuwa ametumia mamia ya mamilioni ya paundi kutoka katika mfuko wa pensheni za wafanyakazi wa magazeti yake. Yaani mkono ule uliokisaidia chama cha Kenya ulikuwa ukiiba uzeeni mwa wapiga chapa wa Uingereza. Kenya Times lenyewe lilidhoofika, KANU ikaondolewa madarakani mwaka 2002, na mwaka 2010 gazeti likafungwa. Tunajua waandishi wengi wazuri walipitia humo na kujifunza kazi. Hatuwadharau. Lakini ni wangapi leo wanaolilia gazeti lile lirudi?

Wapo watakaotuambia kwamba tajiri wetu si Maxwell. Ni kweli, hana jahazi.

Jambo jingine tulilolisikia katika mabaraza ni hili: "Basi tusikubali zawadi, tutafute matangazo ya biashara." Tangazo si haramu. Mwenye duka la mbolea akitangaza mbolea, msomaji anajua lile ni tangazo, anasoma au anapita. Hatari ni pale mtangazaji mmoja anapokuwa mkubwa kiasi cha kwamba akikohoa gazeti linapata homa. Mkono mtupu haulambwi, na katika nchi zetu mkono uliojaa ni wa makampuni ya simu, mabenki, viwanda vya bia, na zaidi ya wote, serikali. Kenya mwaka 2015 serikali ilikusanya matangazo yake yote chini ya wakala mmoja. Mwaka 2024 ikatolewa amri kwamba matangazo ya serikali ya redio na televisheni yapelekwe KBC, chombo cha serikali yenyewe. Hakuna mhariri aliyekamatwa. Hakuna sheria ya uchochezi iliyosomwa. Bomba lilifungwa tu, na kila mwenye kiu akajua nani anashika koki.

Tena si lazima neno litoke juu. Mwanzoni mwa Januari 2016 gazeti la Nation la Nairobi lilitoa tahariri ya Mwaka Mpya ya kumlaumu Rais wa wakati huo, Bwana Uhuru Kenyatta. Mhariri wake, Bwana Denis Galava, alisimamishwa, kisha akafukuzwa. Kampuni ilisema taratibu hazikufuatwa. Sisi hatukuwa chumbani, hatuwezi kuapa. Lakini twauliza swali la mwalimu wa darasa la tatu: wahariri wengine waliobaki mezani siku ile walijifunza nini? Walijifunza taratibu, au walijifunza kitu kingine?

Na mwandishi wa chini kabisa, yule wa wilayani, ndiye anayetutia uchungu kuliko wote. Hana mshahara. Analipwa kwa habari moja moja, nayo ikitoka. Nauli yake, muda wa simu yake, chakula chake, vyote vinatoka mfukoni mwake. Kwa hiyo anakwenda kwenye mkutano wa mkubwa, anasikiliza, na mwisho anapewa bahasha, ati ni nauli. Sisi wenyewe tumeombwa bahasha hizo baada ya mikutano yetu, tena kwa upole na aibu, na kijana tuliyesoma naye. Tulimwambia hatuna, na habari ya mkutano haikutoka. Watu humwita kijana yule mla rushwa. Sisi twamtazama mwenye gazeti, aliyejenga kampuni juu ya kazi isiyolipwa, halafu akatundika ukutani kanuni za maadili. Mwandishi mwenye njaa amekwisha kuuzwa kabla tajiri hajaja kununua gazeti.

Serikali nazo zina njia zao, na hatutazisahau kwa kuwa leo tunawasema matajiri. Hapa Tanzania Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ililiweka gazeti katika leseni. Anayetoa leseni ndiye anayeitwaa. Mwaka 2017 magazeti kadhaa yalifungiwa, MwanaHALISI na Mawio yakiwamo, na mwaka 2020 Tanzania Daima likanyang'anywa leseni. Yakarudishiwa mwezi Februari 2022, baada ya wasomaji kuzoea mengine na waandishi kwenda kuuza mitumba. Mahakama ya Afrika ya Mashariki huko Arusha ilikuwa imekwisha kusema, mwezi Machi 2019, kwamba vifungu vya sheria hiyo vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2018 kijana aliyetaka kuandika habari mtandaoni alitakiwa alipe zaidi ya shilingi milioni mbili, ada na leseni. Milioni mbili! Mwalimu wa shule ya msingi anayeanza kazi ahesabu mwenyewe ni mishahara mingapi. Sheria ya namna hiyo haisemi "maskini wasiseme." Inaweka bei tu, na bei inasema.

Kenya tarehe 30 Januari 2018, siku Bwana Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, NTV na KTN. Mahakama ikaamuru ziwashwe, serikali ikakaa siku kadhaa kama haikusikia. Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipoandamana kukumbuka wenzao waliouawa mwaka uliotangulia, ikaja amri ya kutoonyesha maandamano moja kwa moja, na stesheni zikazimwa tena. Yapo makampuni makubwa pale, yenye majumba na magari ya matangazo, lakini mnara ni wa mwingine. Kwa hiyo anayesema "tukipata mtambo wetu tutakuwa huru" hajahesabu bado: kuna mtambo, kuna karatasi, kuna leseni, kuna mnara, kuna matangazo, kuna njia ya kulifikisha gazeti kijijini. Hatuwezi kumiliki vyote hivyo. Ndiyo maana kile kidogo tunachoweza kukimiliki, yaani neno letu na deni letu, tusikitoe.

Vijana wenzetu watacheka. Watasema nani leo anasoma karatasi, mambo yote yako katika simu, na simu haina mwenyewe. Ndugu zetu, simu ina mwenyewe kuliko gazeti lolote lililopata kuwako. Mwaka 2022 mtu mmoja, Elon Musk, aliununua mtandao wa Twitter kwa dola bilioni 44, akaubadili jina, akawarudisha aliowataka na akabadili jinsi habari zinavyopangwa mbele ya macho ya watu. Hakuuliza tawi lolote. Hata gazeti kubwa la Washington Post ni mali ya mtu mmoja, Jeff Bezos, tangu 2013; na mwezi Oktoba 2024 siku chache kabla ya uchaguzi wa Marekani tahariri ya kumuunga mkono mgombea ikazuiwa. Kilichotufurahisha katika kisa hicho ni wasomaji. Zaidi ya laki mbili na nusu walikata malipo yao kwa siku chache. Hawakuliokoa gazeti, hatusemi hivyo. Lakini walionyesha kuwa msomaji anayelipa ana kitu cha kuondoa mezani, na msomaji wa bure hana.

Hapo ndipo penye uzito wa neno letu, nalo si tamu. Gazeti hili linasomwa na watu wengi kuliko wanaolinunua. Linapotoka Ijumaa, kufika adhuhuri kurasa zake zote zimekwisha kupigwa picha na kuingizwa katika makundi ya WhatsApp, tena na viongozi wa matawi. Twaambiwa huko ni kueneza chama. Ni kueneza chama kwa fedha ya mpiga chapa! Deni analotaka kulilipa tajiri halikuletwa na ubepari wa dunia. Sehemu yake kubwa ni nakala ambazo zilisomwa na hazikulipwa.

Wazee waliotutangulia walikuwa maskini kuliko sisi. Mwaka 1937 Bwana Erica Fiah, mwenye duka Dar es Salaam aliyetoka Uganda, alianzisha Kwetu, gazeti la kwanza la Mwafrika katika Tanganyika, wakati serikali ikiwa na Mambo Leo yake tangu 1923 na fedha tele. Kwetu lilikwenda kwa kuchechemea, mara latoka, mara halitoki, hata likakoma mwaka 1951, lakini maneno yaliyomo yalikuwa ya mwenyewe. Nairobi Bwana Henry Muoria aliendesha Mumenyereri tangu 1945 mpaka serikali ya Hali ya Hatari ilipolifunga 1952. Yeye alikuwa London wakati huo, akabaki huko hata kufa kwake mwaka 1997. Sauti ya TANU ilikuwa makaratasi yaliyopigwa kwa mashine ya ofisini, si gazeti la mtambo. Lakini mwaka 1958 makaratasi hayo yaliwauma maofisa wawili wa wilaya hata Mwalimu akafikishwa mahakamani kwa kashfa, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Serikali yenye redio iliyaogopa makaratasi. Kwa nini? Kwa sababu haikuwako simu ya kumpigia mwenyewe wa makaratasi yale kumwambia ayanyamazishe.

Tunajua swali linalokuja, na ni swali la haki: gazeti la chama nalo si lina mwenyewe? Linaye. Mwenyewe ni chama, na jina lake limeandikwa juu ya ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa, mtu anayelinunua anajua ananunua nini. Wala kuwa la chama si ngao. Gazeti la Uhuru, lililoanza mwaka ule wa uhuru 1961, ni la chama kinachotawala, na bado mwezi Agosti 2021 lilifungiwa siku kumi na nne kwa habari iliyosema Rais hana nia ya kugombea 2025, na chama chenyewe kikawasimamisha kazi wakuu wake. Sisi hatudai kwamba chama ni malaika. Twasema kwamba viongozi wa chama huulizwa mkutanoni, wakashindwa kura wakatoka. Tajiri haulizwi mkutanoni. Hatuna hata kadi yake.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano mkuu mambo haya, nayo si makubwa. Msaada ule ukataliwe kwa heshima na kwa barua, na barua yenyewe ichapwe hapa. Kurasa zipunguzwe kutoka kumi na sita kuwa nane mpaka deni liishe. Habari za karamu za harusi za viongozi ndizo zitangulie kuondoka. Asikubaliwe mtangazaji mmoja, awe kampuni au idara ya serikali, kushika zaidi ya sehemu moja katika kumi ya mapato ya gazeti. Mwandishi wa wilaya alipwe nauli na gazeti, hata ikiwa ndogo, na atakayepokea bahasha baada ya hapo aachishwe. Kila mwaka hesabu za gazeti zichapwe: nani katoa, kiasi gani, kimekwenda wapi. Na wabunge wetu wapeleke Bungeni muswada wa kuyataka magazeti yote, redio zote na televisheni zote, za serikali na za watu binafsi, zitangaze majina ya wenye hisa, majina ya watu, si majina ya kampuni iliyofichwa ndani ya kampuni. Nyama hutakiwa kugongwa muhuri ili mlaji ajue imekaguliwa. Wanaotulisha habari kila asubuhi wanaona uzito gani?

Watakaosema nane ni chache wapige hesabu ya kumi na sita zenye mwenyewe.

Sasa mambo ya kazi. Mawakala wote walete hesabu za mwezi huu kabla ya tarehe 5, pamoja na fedha, si ahadi. Makatibu wa matawi wanaopiga picha kurasa wasubiri mpaka Jumatatu. Nakala zisizouzwa zirudishwe zikiwa nzima. Tawi moja limeturudishia mwezi uliopita nakala arobaini zilizokwisha kufungiwa maandazi, na hizo zimehesabiwa kuwa zimeuzwa. Deni la mpiga chapa litasomwa mkutanoni mstari kwa mstari, na risiti zitakuwa mezani kwa yeyote anayetaka kuzishika.